Swali la Kumi na Nne

Foleni ya ofisi ya mikopo ya elimu haikuwa imesogea tangu saa tatu, na feni ya darini ilizunguka kama inalazimishwa. Vilimaina alikaa kwenye benchi, fomu mapajani. Mama yake, Ulamila, alikuwa ameshakula roti mbili, chapati za kukunjwa na mboga, na sasa analalamikia bei ya roti ya tatu. Walitoka kijijini kwao Dreketi alfajiri kwa basi la kwanza, maana leo ndiyo siku ya mwisho, na ofisi hii, Mungu aisamehe, hufunga saa saba mchana.

Fomu ilitaka chuo kimoja tu. Kuna cha Suva, mji mkuu ulio ng'ambo ya bahari, chenye maabara na kituo cha kuchunguza mikoko. Na kuna tawi la chuo kingine hapa hapa Labasa, lenye hadubini nne kwa wanafunzi sitini, ambako viumbe wengi husomwa kwenye picha. Baiolojia ni baiolojia, walisema watu. Vilimaina alitaka Suva. Tangu darasa la nane alikuwa akipima kaa wa matope anaouza mama yake, mmoja mmoja, na kuandika daftarini jinsi wanavyozidi kuwa wadogo. Alitaka kujua kwa nini, basi.

Alipoitwa, karani, Bwana Dharmend, aliipitia fomu huku akitafuna pilipili na njegere za kukaanga.

"Suva wamekupokea, Labasa pia. Hongera, binti. Ila swali la kumi na nne hujajibu."

Swali lilikuwa hili: Je, una ndugu wa karibu anayeishi Suva?

"Ukiandika ndiyo, hupati bweni. Tunahesabu utakaa kwa ndugu. Andika hapana, tumalizane."

"Lakini mjomba Waisake anaishi huko."

"Nani atakwenda kumtafuta?"

Ulamila akaguna. "Kaka yangu wa tumbo moja! Amkane kwa ajili ya kitanda?"

"Basi akakae kwake, mama."

Hapo ndipo penye kazi. Kwetu mtoto wa dada akiomba, mjomba hana mdomo wa kukataa. Nguruwe wake wa mwisho atamtoa. Na mjomba Waisake alikatwa mguu mwezi wa tatu kwa ugonjwa wa sukari. Nyumba yake ina vyumba viwili na watu tisa. Angesema njoo, tena kwa furaha, halafu yeye akalale barazani na magongo yake. Vilimaina alilijua hilo, ndiyo maana hakuwa amemwambia neno.

"Nampigia," alisema Ulamila, simu mkononi.

"Usimpigie, mama. Ukimpigia tumeshamwamuru."

Ulamila alimtazama binti yake, akairudisha simu kwenye mkoba.

"Dada, andika hapana!" kijana mmoja alipaza sauti kutoka kwenye foleni. "Mimi mjomba wangu nilimzika kwenye fomu hiyo hiyo mwaka jana, na jana tumekunywa naye kava!"

Watu wakaangua kicheko. Hata Ulamila alicheka, akifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Vilimaina alishika kalamu. Akaandika ndiyo. Kisha akakata Suva kwa mstari mmoja, akaandika Labasa.

"Mwaka wa pili hapa hakuna maabara ya maana," Bwana Dharmend alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Unajua?"

"Najua."

"Haya, jaza sababu ya kubadilisha chuo. Ni lazima."

Aliandika polepole, akamsogezea. Karani akasoma, akasoma tena.

"'Nina mjomba Suva.' Hii ndiyo sababu ya kubaki Labasa?"

"Ndiyo, bwana. Fomu ni yenu."

Bwana Dharmend alitazama saa ya ukutani, akapiga muhuri, akaita jina linalofuata.