Siku Niliyokaanga Gololi

Vumbi la mji wa Multan halibishi hodi. Huingia kabla ya mgeni, huketi kabla ya mwenyeji, hulala kitandani bila kunawa miguu. Huzama kwenye chai, hupanda kwenye kope, hujua kila chumba na kila siri. Na mwezi ule wa joto, mwezi wa kwanza wa ndoa yetu, vumbi liliijua nyumba yenu kuliko mimi.

Ulikuwa mume wangu, ewe Allah Wasaya, nami sikukujua. Nilijua masharubu yako tu. Masharubu meusi, masharubu mazito, yamepakwa mafuta ya haradali, yameufunika mdomo wako kama pazia la watu wenye jambo la kuficha. Ulisema, "Chai," yakatikisika. Ulisema, "Ahsante," yakatikisika vilevile. Umefurahi? Umekasirika? Ningejuaje? Nilikuwa nimeolewa na pazia.

Tena ulikuwa na gololi! Mwanamume wa miaka thelathini na miwili, mchoraji wa vigae vya buluu, mtu wa kusalimiwa kwa mikono miwili, na chini ya kitanda ana kopo la gololi. Kila Ijumaa baada ya sala ulichuchumaa kichochoroni na wanaume wenzako, gumba umelisimika ardhini, kidole cha kati umekivuta nyuma kama upinde, jicho moja umelifumba. Na walioshindwa walinyoosha ngumi zao chini, wakapigwa gololi kwenye vifundo vya vidole, wakalia kama watoto, watu wazima wenye watoto.

"Wenzako huolewa na walevi," mama yako aliniambia siku ya tatu. "Wewe umeolewa na mtoto mwenye masharubu. Shukuru, mwanangu."

Nilishukuru. Lakini sikukuu ilikuwa inakaribia, na masikio yangu yalikuwa matupu. Baba aliniozesha kwa dua na sanduku moja la bati, vipuli havikuwemo. Wanawake wa mtaa walikuja kunitazama, masikio yao yakilia chiring'i, chiring'i. Hawakuuliza kitu. Walitazama sikio langu la kulia, wakatazama la kushoto, kisha wakamtazama mama yako kwa huruma. Afadhali wangeuliza.

Basi nikakumbuka ufundi wa kwetu Shujabad. Sisi wasichana hatukuruhusiwa kucheza gololi kichochoroni, lakini nani angetuzuia kuzipika? Unazitia kwenye kikaango kikavu, unazigeuza, unazigeuza, mpaka ziive kwa joto. Kisha unazimwaga kwenye maji ya barafu. Tss! Kioo kinapasuka kwa ndani, kwa nje kizima, na ndani ya tumbo lake kunachanua nyufa elfu, na kila ufa unashika mwanga wake. Unaizungushia waya mwembamba wa shaba, unaitundika sikioni, unakuwa malkia.

Asubuhi ya Ijumaa nikachota gololi mbili za kijani kwenye kopo lako. Mbili tu, kati ya mia. Nani angejua?

Mama yako akaingia jikoni. Akachungulia kikaango.

"Nini hicho?"

"Gololi, mama."

Akavuta ushungi wake vizuri. "Vitunguu umetia?"

Nilikuwa nimevaa kipuli kimoja tu ulipotoka kuoga. Ukavuta kopo. Ukapekua. Ukapekua tena. Ukamwaga zote mkekani, zikatawanyika hadi miguuni pangu, nami nikaanza kuhisi sikio langu linawaka moto.

"Ile ya kijani yenye mshipa mweupe iko wapi? Leo nacheza na Khuda Bakhsh."

Khuda Bakhsh! Kinyozi wa mtaa, aliyeyamezea mate masharubu yako miaka saba, kama paka chini ya ndoano ya mchinjaji. Mapatano yenu yalijulikana mpaka sokoni: ukishindwa, anayanyoa hadharani, akishindwa, anafanya kazi mwezi mzima bila kusema neno. Kinyozi asiyesema! Heri angeambiwa anyoe kwa kijiko.

Ningeweza kusema panya. Ningeweza kusema sijui. Mkono wangu, msaliti, ukapanda wenyewe hadi sikioni.

"Iko hapa."

Ukatazama. Masharubu hayakutikisika. Nikajiona tayari niko kwenye treni ya Shujabad, sanduku la bati magotini, baba akinifungulia mlango bila kuuliza.

Ukanyoosha kiganja. "Nipe."

"Ina nyufa."

"Naziona."

"Itapasuka. Chukua nyingine, zimejaa tele."

"Hizo nyingine hazijanizoea," ukasema, ukaufungua waya taratibu, kama mtu anayefungua barua.

Tuliangalia kutoka darini, mimi na mama yako, tumejifunika mashuka dhidi ya jua na macho ya watu. Mlicheza mpaka shati lako likagandamana na mgongo. Likabaki pigo moja: uigonge gololi ya kinyozi, na yako iingie shimoni. Ukachuchumaa. Ukavuta kidole. Mama yako akanishika kifundo cha mkono, akakiminya kana kwamba mimi ndiye gololi.

Ta!

Uliigonga. Uliigonga katikati ya paji lake. Na ile ya kijani, niliyoipika kwa mikono yangu, ikapasuka vipande viwili: kimoja kikabingirika shimoni, cha pili kikabaki nje, kinameremeta juani bila haya.

"Imeingia!" walipiga kelele wa upande wako.

"Imebaki!" walipiga kelele wa upande wake.

Rab Nawaz, muuza maziwa, aliyekuwa mwamuzi kwa kuwa hakuna aliyethubutu kugombana na muuza maziwa, alipiga magoti, akatazama shimo, akatazama nje ya shimo, akasafisha koo.

"Nusu imeingia, nusu haikuingia. Basi Wasaya ameshinda nusu na ameshindwa nusu. Kinyozi atanyoa upande mmoja. Na atanyamaza siku kumi na tano."

Vile vipande sikuviona tena. Nadhani kuku walivichukua.

Ulirudi umejifunga kilemba mpaka puani. Mama yako alikutazama, akakimbilia chumbani kwake, tukasikia godoro linacheka. Nami nikasimama uani, nikingoja kufukuzwa.

Ukafungua kilemba.

Upande wa kulia, masharubu ya simba. Upande wa kushoto, ngozi nyeupe isiyojua jua, laini kama ya mtoto mchanga. Na chini yake nusu ya mdomo. Nusu ile, ewe Wasaya, ilikuwa inatabasamu.

"Hujakasirika?" nikauliza.

"Nimekasirika lini?"

"Sijui. Siku zote hizi. Huwa huonekani."

Ukagusa mdomo wako, kama mtu anayehakikisha ufunguo uko mfukoni. "Mimi natabasamu tangu siku ya harusi," ukasema. "Nikadhani wewe ndiye hupendi."

Kisha ukatoa wembe mfukoni, ukaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, ukainua kidevu.

"Nusu hii simpi Khuda Bakhsh. Nyoa wewe. Ila usicheke, nina shingo moja tu."

Nikapaka povu. Nikashika wembe. Nikacheka. Nawe ukacheka, mdomo mzima chini ya povu, na ikabidi ningoje, mkono juu, mpaka tutulie sote wawili.