Taa ya Upande wa Abiria

Jumanne asubuhi mguu wangu haukufika klachi. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma, na mwenye miguu mirefu katika nyumba yetu ni mmoja tu: mdogo wangu, fundi mapazia, ambaye tangu utotoni tunamwita Ngongoti.

Gari tulilinunua pamoja. Makubaliano yetu yalikuwa ya mdomo, lakini yalikuwa wazi. Jumatatu hadi Ijumaa ni langu, nalitumia kwenda kwenye banda langu la kutengeneza redio. Mwisho wa wiki ni lake, anapeleka mapazia kwa wateja. Kila mmoja ana ufunguo wake. Nilipomuuliza kuhusu kiti, aliendelea kukunja pindo la pazia, akasema viti vya magari ya zamani hujisogeza vyenyewe. Jibu hilo halikuniridhisha. Kiti kina reli, hakina miguu.

Nikaamua kwamba nikimkamata, gari linauzwa na kila mtu ashike njia yake. Ila ushahidi kwanza, hukumu baadaye.

Jioni hiyo niliketi mezani nikaunda mtego. Nilihitaji rilei moja, yaani swichi inayovutwa na umeme, transista, kapasita, rezista mbili, fyuzi, kitufe na taa nyekundu isiyozidi punje ya mchele. Nilivuta waya kutoka kwenye swichi ya mlango, ile inayowasha taa ya ndani. Mlango ukifunguliwa, rilei inavuta, na ikishavuta hujishikilia. Hata mlango ukifungwa, taa nyekundu haizimiki mpaka nibonyeze kitufe. Kapasita ilinipa sekunde ishirini za kushuka kabla mtego haujaanza kulinda. Nilipima kwa saa mara kumi, na mara zote zilikuwa ishirini. Nikatia kila kitu katika kikopo cha sabuni, nikakiviringishia sponji ili mlio wa rilei usisikike, nikakificha chini ya dashibodi. Taa niliielekeza kwenye dirisha la abiria, chini kabisa, mahali ambapo dereva haoni lakini mtu aliyesimama nje anaona.

Jumatano jioni niliutega. Alhamisi asubuhi, kabla sijagusa mlango, nilichungulia dirishani. Taa ilikuwa inawaka.

Nilimfuata mdogo wangu kwenye cherehani yake, nikamweleza nilichokiunda na nilichokiona. Alicheka kwanza.

“Umenitegea kama panya, Dada? Hata kipande cha nyama hukuniwekea?”

Nilipokataa kucheka, naye aliacha. Alitoa ufunguo wake mfukoni, akauweka mezani kati ya sindano na chaki, akarudi kwenye pazia.

Jioni nilitega tena, na usiku huo nilizilalia funguo zote mbili. Ijumaa asubuhi nilichungulia tena. Taa ilikuwa inawaka.

Basi amechonga ufunguo wa tatu, nikawaza. Tangu hapo kila kitu kilinuka. Wifi yangu, mkewe, alinisalimia kwa sauti ya upole, nami nikajiuliza upole huo umetoka wapi leo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Nilimwambia mdogo wangu kuhusu ufunguo wa tatu mbele ya mkewe, bila kupunguza neno.

Aliweka mkasi chini. Alinitaka niende kwenye gari nitege mtego mbele yake, vilevile ninavyotega kila jioni, bila kuongeza wala kupunguza kitu.

Akakaa kiti cha abiria. Mimi nikakaa kwenye usukani, nikabonyeza kitufe. Nikavua viatu vya kuendeshea, nikavifuta vumbi, nikavitia kwenye mfuko wa viatu, nikavaa ndala. Hiyo ndiyo desturi yangu; viatu vya barabarani haviingii nyumbani. Kisha nikafungua mlango.

Mdogo wangu alielekeza kidevu chini, upande wake. Taa ilikuwa imewaka.

“Tumemkamata nani, Inspekta?”

Nilikuwa nimepima sekunde zangu mezani, na mezani sikuwa na viatu vya kuvua. Siku zote mbili mwizi alikuwa mimi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuomba radhi. Badala yake nikauliza, “Na kiti?”



“Kiti ni mimi. Jumatatu usiku wifi yako alivimba miguu, nikamkimbiza zahanati. Mimba ya miezi minane, Dada.”

“Kwa nini hukuniambia nilipokuuliza?”

“Uliniuliza kama askari, nikakujibu kama mwizi.”

Nilimnyooshea ufunguo wake. Hakuupokea. Alisema atatembea kwa miguu, ndiyo maana aliumbiwa mirefu. Mchana huo nilikata waya zangu, nikang'oa kikopo, nikamwarifu kwamba mtego haupo tena. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari za mvua ya nchi ya mbali.

Jumamosi, siku yake halali ya gari, nilisikia honi ya teksi nje. Nilitoka nikamkuta amemshika mkewe kiuno, wanakatiza mbele ya gari letu kuelekea teksi. Uchungu ulikuwa umeanza. Nilimsihi waingie kwenye gari letu. Alinijibu kwa adabu kwamba usafiri umeshapatikana.

Wifi yangu alisimama katikati ya ua, akashika boneti, akasubiri maumivu yapite.

“Mtagombana mtoto akishazaliwa,” alisema. “Mimi teksi ile inanuka sigara. Wifi, washa gari.”

Nilimsaidia kuketi mbele. Mdogo wangu aliiaga teksi, akapanda nyuma, akafunga mlango bila neno. Niliwasha gari. Nilipotazama kioo cha kati, nilikuta macho yake hayako barabarani wala kwa mkewe. Alikuwa anaitazama mikono yangu, kila ilikokwenda.