Simu Haioshwi Kama Sufuria

Verediana alishuka Kigoma kutoka Buhigwe siku ya Jumatatu akiwa na begi moja, kikapu cha maharage na neno moja moyoni: Jumapili anarudi na mjukuu wake. Wala hakulificha. Alishamwambia mwanawe Wilfred kwenye simu wiki nzima kabla, kwa sauti ile ile anayoagizia chumvi dukani. Mtoto wa miezi saba haachwi na mama asiyesikia. Akilia, nani atajua? Akipaliwa je? Wilfred mwenyewe ni mtu wa boti la mizigo, leo yupo, kesho yuko Kalemie ng'ambo ya ziwa, na nyumba yao ya mtaa wa Rusimbi inabaki na Christina, cherehani yake na ukimya wake.

"Mama, njoo ukae wiki moja uone mwenyewe," Wilfred alimjibu. "Baada ya hapo ukisema Dismasi aende Buhigwe, ataenda. Mimi na mwenzangu tumekubaliana."

Kwa hiyo Verediana hakuja kutembea. Alikuja kuamua.

Christina alipoteza usikivu akiwa na miaka tisa, kwa homa ya uti wa mgongo. Maneno alikuwa ameshayajua, kwa hiyo aliongea, ila kwa sauti iliyonyooka isiyopanda wala kushuka. Midomo ya watu aliisoma kama wengine wanavyosoma gazeti, na ukimpa kisogo katikati ya mazungumzo umemnyang'anya gazeti lake. Alishonea chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Nyuma yake kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia chumba cha kulala, halafu ua.

Jumatatu ile ile jioni Verediana aliketi na kikombe cha chai akimwangalia mkwewe akiunga mikono ya gauni. Mtoto akaamka kule chumbani, akaanza kulalamika. Haikuwa hata kulia, ni kule kunung'unika kwa mtoto anayejiuliza kama alie au asilie. Verediana akaweka kikombe chini ainuke. Hajainuka, mguu wa Christina umeshasimama kwenye pedeli, mkono umeshika gurudumu, na mwenyewe keshapita pazia.

Verediana akabaki ameshika magoti.

Siri ilikuwa mbavuni. Christina alijishonea kimfuko cha kitenge cha kubana simu kwenye mbavu. Mara ya kwanza alishona cha begani, jasho likamsumbua. Mara ya pili cha mfukoni, asihisi kitu. Mara ya tatu akapata. Ndani yake ilikaa simu mpya aliyonunuliwa na Wilfred mwezi uliopita, na ndani ya simu programu aliyoifungua kila alfajiri, ikasikiliza mchana kutwa kwa niaba yake. Ikisikia kitu cha maana, simu inatetemeka mbavuni, na kwenye kioo yanatokea maneno. Alimwonyesha mama mkwe: Kilio.

Verediana si mtu wa kuamini upesi. Jumanne nzima alizunguka nyumba akiijaribu. Alibisha mlango wa ua, simu ikasema mlango. Alifungulia maji kwenye ndoo, simu ikasema maji. Alikohoa kwa makusudi mara tatu, simu ikanyamaza, maana haikuona sababu ya kumsumbua mtu kwa kikohozi cha uongo. Na kila Dismasi alipofungua mdomo, mama yake alifika. Verediana alilea watoto sita kwa masikio mawili mazima, na hakukumbuka kufika haraka namna ile hata kwa mmoja. Alipendezwa, tena sana, na kupendezwa huko kukamuudhi, kwa sababu hakuwa amekuja kupendezwa.

Sasa, simu ile ilikuwa na umaarufu mwingine pale mtaani. Kifurushi cha intaneti alichojiungia Christina kila mwezi kilikuja pamoja na dakika za kupiga, na dakika yeye azifanyie nini? Basi zikawa za majirani. Shadia, anayeuza maandazi nyumba ya pili, ndiye aliyezifaidi zaidi. Binti yake ameolewa Uvinza, na kila siku kuna jambo. Christina alimpa simu bila neno, sharti moja tu, Dismasi awe mgongoni mwa mama yake wakati huo.

Na Shadia ana adabu. Mtaa ule sufuria ya kuazima hairudishwi na masizi. Inasuguliwa mpaka mwenyewe aione mpya. Kwa hiyo simu ya kuazima nayo hairudishwi chafu. Shadia akimaliza maongezi alifungua orodha ya vilivyo wazi, akavifagia vyote kwa kidole gumba, akapunguza mwanga wa kioo, akawasha kiokoa betri, ndipo akairudisha kwa mikono miwili.

"Nimekusafishia, mama Dismasi."

"Ahsante, dada," Christina alijibu.

Verediana aliyaona hayo Jumanne usiku na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Huo ndio ubinadamu. Tena kwenye mambo ya chaji yeye hakuwa mtu wa kufundishwa. Kule kwao, kabla ya sola, simu zilipelekwa kuchajiwa senta, na simu ya Verediana ilikaa siku tatu wakati za wengine zinazimika siku ya pili. Watu walimfuata nyumbani kumuuliza anafanyaje. Alikuwa pia na pawabenki, zawadi ya Wilfred, ambayo aliifunga kwenye leso na kuiweka chini kabisa ya begi, na hajawahi kumuazima mtu, hata katekista.

Jumatano asubuhi Christina alikuwa uani akimwogesha mtoto. Simu ilikuwa mezani kwenye chaja. Verediana akaitupia jicho: chaji asilimia arobaini na moja, vitu vinane viko wazi! Alisikia uchungu kama ameona bomba linamwaga maji barabarani. Akachukua simu, akafagia kimoja kimoja mpaka kioo kikawa cheupe, akawasha kiokoa betri, akairudisha ilivyokuwa imelala. Hakumwambia mtu, maana wema hautangazwi. Akachukua kikapu akaenda zake Katonga kununua samaki.

Alirudi saa sita na migebuka minne. Alipofika usawa wa nyumba ya Shadia alisikia kilio. Si kilio cha njaa. Ni kile cha mtoto aliyelia mpaka hasira zimeisha, sauti imekauka, analia sasa kwa sababu hajui kingine cha kufanya. Verediana akaangusha kikapu akakimbia, umri wake na magoti yake akayasahau barabarani.

Christina alikuwa cherehanini, amelipa pazia mgongo, anashona pindo. Alipoona kivuli cha mama mkwe mlangoni aliinua uso na kutabasamu.

Dismasi alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, chandarua kimemzunguka miguu, kwenye paji la uso nundu. Verediana alimtoa, akambeba hadi chumba cha mbele, akasimama mbele ya mkwewe kabisa ili kila neno lionekane.

"Jumapili naondoka naye."

Christina hakubisha. Alimchukua mwanawe, akaigusa ile nundu kwa midomo, akaitoa simu kwenye kimfuko na kuitazama muda mrefu. "Asubuhi ilikuwa inasikia," alisema. Machozi yalimtoka bila kubadilisha uso. "Mama, asubuhi ilikuwa inasikia."

Verediana alimwonea huruma. Lakini huruma haimwokoti mtoto sakafuni, na mchana ule ule alitia begini nguo tatu za Dismasi.

Alitegemea Alhamisi kuona mtu wa kulia na kuomba. Akakosea. Christina alimfunga mtoto mgongoni tangu alfajiri, akaikabili simu ile kama anavyokabili cherehani inayoruka mshono. Cherehani ikiruka mshono fundi haipigi teke. Anashona polepole mpaka aone inaruka wapi. Alifungua daftari lake la vipimo, akakaa akikumbuka na kuandika, siku na saa, lini simu ilisikia na lini ilinyamaza. Zile mara za nyuma alizodhani Dismasi ametulia, naye akamsifu kwa kutulia, aliziandika pia, mdomo umekaza.

Halafu akamwita Shadia. "Fanya kama unavyofanya ukimaliza kupiga."

Shadia akafanya kwa fahari. Akafagia, akapunguza mwanga, akawasha kiokoa betri. Christina alikitazama kile kidole gumba bila kupepesa.

"Sasa bisha mlango."

Shadia akabisha. Simu kimya. Christina akafungua programu upya, mlango ukabishwa, simu ikatetemeka. Akaacha kiokoa betri kimewaka, akazima kioo, akashona pindo zima la sketi bila kuigusa. Mlango. Kimya. Kumbe simu ikikaa kidogo bila kutazamwa ilijiamulia kwamba anayesikiliza anakula chaji bure, ikamlaza.

Kazi iliyofuata ilimchukua hadi alasiri, na Verediana, aliyekuwa anachambua maharage kwenye kizingiti cha ua, aliifuatilia yote huku akijifanya hafuatilii. Christina aliingia kwenye mipangilio, akapotea, akatoka, akaingia tena kwa njia nyingine. Mwisho akafika kwenye ukurasa wa betri, mahali kila programu imewekewa kiasi chake cha kuishi kioo kikiwa kimezimwa. Akaitafuta yake, akachagua Bila vizuizi. Kwenye orodha ya vilivyo wazi akaibonyeza mpaka ikatoka kufuli ndogo, ili kidole kikifagia kiipite. Kisha akarudi cherehanini. Baada ya saa moja Shadia akabisha: mtetemo. Baada ya saa mbili akaja na nduguze wawili, wakafagia na kuwasha kiokoa betri, wakabisha: mtetemo. Christina akacheka kwa sauti, kicheko kikubwa kisichojipima, na Verediana akajikuta naye anacheka na maharage mkononi. Fundi gani huyu! Hakuna aliyemfundisha.

Shadia hakucheka. Alishika kichwa. "Yarabi, kwa hiyo ni mimi niliyemwangusha mtoto?" Kisha akafikiri, akamgeukia Verediana. "Lakini mama, jana mimi sikuja kupiga. Jana nilikuwa Mwanga sokoni tangu asubuhi."

Christina alikuwa ameinamia daftari, hakuona midomo hiyo. Aliyesikia ni Verediana. Mkono wake ulisimama ndani ya maharage. Jumatano. Asilimia arobaini na moja, vitu vinane. Akajua saa ile ile ni kidole cha nani.

Angeweza kusema. Hakusema. Akisema, mtoto anabaki. Akinyamaza, Jumapili kuna basi na nguo ziko begini. Aliinama akaendelea kuchambua, na Shadia akaondoka na swali lake.

Ijumaa Christina alitoka kibarazani kumpima mteja, mtoto mgongoni, amelala. Daftari aliliacha wazi juu ya cherehani. Verediana anasoma vizuri, ndiye msomaji wa masomo kanisani kwao, na macho yake yalishuka kwenye ukurasa kabla hajayakataza.

Ijumaa iliyopita, saa kumi, Shadia. Jumapili, saa tisa, Shadia. Jumanne, saa moja usiku, Shadia. Jumatano, saa mbili asubuhi, Mama.

Alisoma mara mbili. Mlango wa ua ulikuwa wazi asubuhi ile. Christina alikuwa anamwogesha mtoto, uso ameuelekeza ndani. Alimwona. Tangu jana, pengine tangu juzi, alijua. Mstari ule mmoja ulitosha kumrudisha bibi Buhigwe mikono mitupu na aibu juu. Ilikuwa kumtumia Wilfred picha tu. Naye alikuwa amemwandalia mama mkwe chai, amemwekea samaki mkubwa, hajasema kitu.

Verediana aliingia chumbani akaketi kitandani kando ya begi. Tangu amzike mumewe hakuwa amelia. Buhigwe nyumba zimekaribiana na watu wanasikiliza, na mjane akilia sana wanasema hana imani. Hapa nani atasikia? Mtoto yuko nje, mwenye nyumba hasikii. Basi akaachia, kwa sauti, mdomo wazi, akalia aibu yake na kiburi chake, na mzee wake pia.

Pazia likafunguka kwa nguvu. Christina aliingia mbio, simu mkononi, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni. Alitazama kitanda, akatazama sakafu, akapeleka mkono mgongoni kumpapasa Dismasi, yupo, amelala. Kisha akamwona aliyekuwa analia. Alimgeuzia kioo. Kilio.

"Nimekusikia, Mama," alisema.

Verediana alijifuta uso kwa ncha ya kitenge na kuunyanyua ili midomo ionekane. "Jumatano ni mimi niliyeifagia."

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unanisaidia," Christina alijibu, akaketi karibu naye.

Halafu Verediana akavuta begi, akatoa nguo tatu za mtoto, moja baada ya nyingine, akazilaza kitandani. Mkono ukarudi chini kabisa ya begi, ukatoka na leso, akaifungua fundo.

"Hii programu inakula sana chaji, Mama," Christina alisema, kama anayeomba radhi. "Ikifika jioni simu imekwisha."

Verediana alimwekea pawabenki mapajani. "Iache ile ishibe," alisema. "Ikiisha, chomeka hapa."