Mgongo wa Maktaba

Mume wangu Matheka amechonga vinyago miaka thelathini na miwili, na kwa ukaidi hakuna gogo linalomshinda. Mwaka jana aliteleza kwenye ngazi za ploti tunamopanga hapa Tassia, Nairobi, nyonga ikavunjika. Daktari alimtia vyuma akasema atatembea. Kweli anatembea, kutoka kitandani hadi dirishani. Ngazi za orofa ya nne hataki hata kuziona, na tezo yake ya kuchongea alikuwa hajaishika miezi minane.

Ndipo Bi Khawla, mwenye duka la vinyago mjini, akapiga simu. Alitaka majengo ya katikati ya jiji yachongwe kwa mjakaranda, madogo ya kuwekwa mezani: mnara wa KICC, Msikiti wa Jamia, na ile maktaba kongwe ya McMillan yenye simba wa mawe mlangoni. Nilipiga vigelegele. Matheka akasema mikono yake imesahau, na kwamba amekwisha kumwambia Nzivo, aliyekuwa mwanafunzi wake, aje Jumamosi achukue vifaa vyote. Avichukue bure! Mchongaji anayegawa tezo yake bure amejizika mwenyewe, na mimi sikuwa tayari kuwa mjane wa mtu anayekunywa chai yangu kila asubuhi.

"Nitakuletea picha za hayo majengo," nilimwambia. "Ukiziona na bado huna hamu, basi Nzivo aje."

Jumanne nilifunga kibanda changu cha mboga nikaenda mjini na simu aliyoniachia binti yetu Kasiva. Nilingoja watu wapite, nikapiga magoti, nikarudi nyuma mpaka simba wote wakaenea kwenye picha, huku simu nimeikaza kwa mikono miwili, maana mjini ukizubaa unabaki umeshika hewa. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa majivuno.

Matheka alizipitia picha zote kwa kidole kimoja, upesi upesi.

"Mgongo uko wapi?"

"Mgongo wa nani?"

"Wa maktaba. Wa msikiti. Mama Kasiva, umekaa na mchongaji miaka yote hii halafu unaniletea nyuso tupu? Kinyago hakiegemei ukuta. Mtu hukishika, akakigeuza."

Kosa lilikuwa langu, tena la aibu. Nimevipiga msasa vinyago vyake mpaka vidole vikaota sugu, na najua yeye huanza na mgongo siku zote. Husema mgongo ukikaa sawa, uso utajitafutia mahali. Lakini nilikasirika. Nilimwambia kama ulimi umepona kiasi hicho, bila shaka na nyonga imepona, kwa hiyo ashuke akapige mwenyewe. Hakunijibu kwa hasira. Alisema tu, "Basi, Nzivo aje," akageukia dirisha. Hilo ndilo lililoniuma.

Alhamisi nilirudi mjini. Mnara wa KICC nikauzunguka nikimshukuru Mungu kwamba kuna mtu aliyewahi kujenga kitu cha mviringo. Msikiti nikauzunguka pia, nikipenya kati ya wauza tende na wauza kofia. Nyuma ya maktaba nikakwama. Palikuwa na ua wa seng'enge, na mlinzi wa jengo la jirani, kijana wa miraba minne aliyeandikwa Mulama kifuani, akanijia.

"Mathe, unapiga picha ya mapipa ya taka? Si wenzako hupigia kule mbele kwa simba?"

"Simba nimeshawapiga. Nataka mgongo."

Nikajikuta nimemweleza yote, hata habari ya nyonga na tezo, mambo ambayo majirani zangu hawayajui. Alisikiliza, akacheka kidogo.

"Huo mgongo mimi ndio huangalia kila siku, na hakuna mtu amewahi niulizia. Lete simu. Kuna mahali huwezi fika."

Simu yangu, mkononi mwa mtu nisiyemjua, katikati ya Nairobi! Nilimpa. Nikabaki nimeshika ua, shingo nimeinyoosha, nikitazama mabomba na madirisha, na mama mmoja aliyekuwa akimenya viazi hapo kando akiongea peke yake. Nimeuza mboga katika jiji hili miaka mingi nikiliogopa. Siku ile nililipenda.

Nyumbani Matheka alizitazama picha polepole. Kwenye moja kidole kikasimama, akaisogeza karibu na macho, akaniomba kipande cha mjakaranda kilichokuwa chini ya kitanda. Nilimpa upesi kabla hajabadili nia. Ijumaa nzima tezo ililia. Kila nilipokaribia aliifunika kazi yake kwa shati.

Jumamosi asubuhi Nzivo alibisha hodi na gunia lake.

"Mzee, umenishangaza. Hiyo tezo mbona iko mkononi?"

Matheka akaondoa shati. Haikuwa maktaba. Ulikuwa mgongo wa mwanamke, leso imefungwa kiunoni, shingo imenyooshwa, bega la kushoto limeshuka kwa kubeba magunia ya sukumawiki. Mulama, kabla ya kunirudishia simu, alikuwa amenipiga picha mimi, kwa nyuma.

"Miezi minane," Matheka alisema, mbele ya Nzivo, bila haya, "kila alfajiri nauona mgongo huu ukitoka mlangoni. Kila siku nasema, leo amechoka na mimi. Leo harudi."

"Mjinga wewe," nilimwambia. "Niende wapi bila wewe? Nakupenda, mzee mjinga."

Nzivo akajitia kulikunja gunia lake, akalikunja tena.

Nilikigeuza kinyago. Upande wa mbele ulikuwa mti mtupu, haujaguswa.

"Toka nje," Matheka aliniambia, "halafu ingia usimame hapo mlangoni. Nataka uso wa mtu anayerudi."

Nilitoka, nikaingia, nikasimama. Machozi yakaanza kunitoka, naye akanikemea.

"Tulia basi, mama! Unanibadilishia pua."