Mkono wa Mwalimu Cansilde

Mwalimu Cansilde alikuwa jikoni akimenya viazi wakati mkono wake wa kulia ulipoweka kisu chini, ukachora alama ya X juu ya meza, kisha ukakiokota kisu tena. Hakushtuka. Alijua tu kwamba Niyigena amefika kwa jirani fundi seremala, na nyumba iliyofuata ilikuwa yake yeye mwalimu.

Niyigena alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la kwanza, hapahapa Nyamyumba. Kalamu ilimshinda, kwa hiyo Cansilde aliweka mkono wake juu ya mkono wa mtoto, akaandika naye muhula mzima. Muhula uliisha, mikono haikuachana. Tangu hapo, kila alichoandika Niyigena, popote alipokuwa, mkono wa mwalimu nao ulikiandika. Ulifanya naye mitihani yote ya sekondari. Alipoandika barua ya kumposa mkewe, mwalimu alifumba macho kwa adabu.

Sasa Niyigena alitembea na ndoo ya rangi nyekundu, akichora X kwenye kila nyumba ya kubomolewa. Kampuni iliyomwajiri ilitangaza kwamba ziwa litazimeza nyumba za ukingoni, hivyo wenyewe wahamie juu, Bugeshi, kwenye baridi. Hoteli ingejengwa palepale. Ziwa halikuwa na ugomvi na hoteli.

Cansilde akaukalia mkono wake. Nje alisikia ndoo ikiwekwa chini, kisha kimya. Nyumba hii aliijenga na marehemu mumewe walipotoka Masisi, ng'ambo ya mpaka, na hakuwa na nyingine.

"Mwalimu," Niyigena aliita kutoka mlangoni. "Mukono umegoma."

"Najua. Nimeukalia."

"Boss iko kwa gari, ananiangalia. Nisipoandika, kazi yangu inaisha leo. Na atatuma mutu mwingine."

"Mutoto wako mudogo anaendelea je?"

"Ananyonya muzuri."

Cansilde alimtazama. Shati lilikuwa limelowa jasho, na brashi ilidondosha rangi kwenye kiatu chake. Alimkasirikia, akamwonea huruma, na huruma haikuipunguza hasira hata kidogo. Huko barabarani honi ikapigwa, ikapigwa tena. Angeweza kuukalia mkono ule mpaka jioni. Nyumba ingevunjwa vilevile, na mtoto yule angelala njaa.

"Bon, basi," alisema.

Alitoka nje, akaweka mkono wake juu ya mkono wa Niyigena kama zamani, wakachora pamoja ukutani. Niyigena alilia kimyakimya. Cansilde hakulia. Alirudi nyuma kidogo, akaikagua kazi.

"Mustari wa pili umepinda. We unaharakisha kila siku."

"Unisamehe, Mwalimu."

"Kwa mustari, nimekusamehe. Enda, boss anangoja."

Niyigena akabeba ndoo yake, akaondoka bila kuinua uso.

Mwalimu alirudi jikoni, maana viazi vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi na anayehama naye lazima ale. Dirishani alimwona jirani yake, Kabatesi, akianua nguo mbichi harakaharaka na kuzirundika mikononi. Ndoo ya rangi ilikuwa imeshawekwa kando ya ukuta wake.

Hajamaliza kumenya kiazi kimoja, mkono ukaweka kisu chini, ukachora juu ya meza. Safari hii mistari yote miwili ilikuwa imenyooka.