Usingizi wa Kinyozi

Siku Baba alipomnyoa mwalimu wa hesabu nusu kichwa, akamkung'uta shingo na kumwambia karibu tena, mtaa mzima ulicheka. Mimi sikucheka. Mwalimu wa watu, kwa heshima zake, alivaa kofia, akaja moja kwa moja nyumbani kuniuliza kama mzee anaumwa.

Nilimjibu kwa ukali kwamba uzee tu. Uongo mtupu. Nilijua Baba anasinzia wima, mteja kakaa kitini anamsubiri. Alikuwa ananiita kwa jina la marehemu shangazi, na hakumbuki kama ameshajidunga sindano yake ya kisukari.

Kaka yangu akaja na shauri lake, Baba kasinzia kando yetu. Kibanda cha kunyolea kifungwe, na ule wembe wa kukunja, ambao Baba haruhusu mtu auguse, uchukuliwe akiwa amesinzia. Akiuliza, aambiwe kaupoteza mwenyewe. Si anasahau? Nilimwambia Kaka kwamba mtu haibiwi kazi yake kama kuku. Akaniuliza, je, akimjeruhi mtu? Swali hilo ndilo lililoniuma. Tukakubaliana tusubiri siku ya kliniki.

Muuguzi wa kisukari, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliuliza Baba analalaje. Jamani! Miaka yote tunahesabiana vijiko vya sukari, hakuna aliyewahi kuuliza usingizi. Nikamweleza: chooni haishi kwenda, na akilala anakoroma mpaka bati linatetemeka, halafu kimya, halafu anashtuka kama aliyetoka kuzama. Nyumbani tulikuwa tunautania ule mkoromo. Muuguzi hakutabasamu. Alisema kimya kile ndicho cha kuogopa, maana pumzi inakatika na ubongo haupati kupumzika hata usiku mmoja.

Baba akapimwa, dawa zikarekebishwa, akapewa mashine ndogo ya kupuliza hewa, ya kuvaa puani na mdomoni anapolala.

"Itamsaidia kulala," muuguzi aliniambia. "Kilichokwisha kupotea kichwani, siwezi kukuahidi."

Baba aliikataa katakata. Alisema hajawahi kumuuma mtu, sasa anafungwa mdomo kama mbwa kwa nini? Tukavutana naye, mkaidi kwa mkaidi. Mchana mmoja, kwa kuchoka kelele zangu, akaivaa na kujilaza kwenye kochi. Nikaketi kando yake kusikiliza. Kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Nilikuwa nangoja kile kimya, na hakikuja. Uso wa Baba ukalegea, mikunjo ikakunjuka mmoja mmoja, nikamwona kijana ambaye sikuwahi kumjua. Nimeshuhudia watoto wakizaliwa, lakini sijastaajabu kama siku ile, kumtazama mtu mzima akipumua tu. Nilisahau hata chungu jikoni.

Taratibu akaanza kurudi. Si kikamilifu, siku nyingine alitafuta neno "taulo" na taulo kalishika. Lakini alinitambua nikiwa bado mlangoni, akarudia kunichokoza kwamba mdomo wangu ndio uliomfukuza usingizi tangu mwanzo. Kaka naye akaacha habari za wembe. Nikajua tumeshinda.

Asubuhi moja Baba akatuita kibandani, mimi na Kaka. Tulimkuta kwenye kiti cha wateja, amejifunga shuka shingoni, povu limeshakolea kidevuni. Akaunoa wembe kwenye mkanda wa ngozi, kisha akaninyooshea, mpini ukiwa upande wangu.

"Si kila mlipodhani nimesinzia nilikuwa nimesinzia," alisema. "Niliwasikia."

Kaka akageukia ukuta. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

"Kichwa changu leo kimetulia, ndiyo maana nautoa leo. Sitaki kunyang'anywa siku ambayo sitaelewa."

Nilimwambia sijui kunyoa, nitamkata. Nilimwomba akae nao hata mwezi mmoja zaidi, sasa si analala vizuri?

"Kinyozi hajinyoi, mwanangu. Vuta ngozi kwa kidole gumba. Ulaze wembe, usiusukume."

Akainua kidevu, akafumba macho, akaniachia koo lake. Nikaanza chini ya sikio, pole pole, machozi yananitiririka, na mikono yote miwili ina kazi, sikuweza kuyafuta.