Siku ya Sungura Wasio na Miguu

Mama Masikio, muuza sungura sokoni, aliamka siku hiyo na kiherehere cha bibi harusi, na kiherehere hichohicho nusura kimponze.

Ni hivi. Idara ya mifugo ilikuwa imetangaza redioni kwamba nyama ya ng'ombe nchini inapungua mwaka hadi mwaka, malisho yamekauka, na zile nyama ambazo watu walikuwa wakizibeza, ya sungura, ya bata, ya kware, zinapanda tu, wala hazigeuki nyuma. Kwa hiyo idara itajenga chumba cha nyama ndogo, chenye baridi, vigae na bomba lake la maji, katika soko moja tu la mji. Wakubwa wangepita asubuhi hiyo kuangalia. Soko likichaguliwa, chumba ni cha Mama Masikio. Likikosa, hata kona yake ya kando ya mtaro inaondoka, panawekwa vichwa vya ng'ombe. Mwenyekiti wa soko alishalisema hilo bila kupepesa macho, na mwenyekiti mwenyewe ni kaka mkubwa wa mumewe, bucha wa ng'ombe wanayemwita Nundu. Hapo sasa! Na mwenyekiti mtu anaweza kugombana. Na shemeji unayempakulia chakula kila Jumapili, utaanzia wapi?

Katika soko lile sungura huchunwa mwili mzima, ila mguu mmoja wa nyuma huachwa na manyoya yake. Mnunuzi akiuona ule mguu, roho inatulia. Maana sungura aliyechunwa na paka aliyechunwa, ukiwalaza pamoja, utadhani wamezaliwa tumbo moja, na watu wa mjini wasiwasi hauwaishi.

Mama Masikio alilijua hilo fika. Lakini wageni wa ofisini jamani! Akajiambia manyoya juu ya nyama ni ushamba, wataniona mchafu. Basi alfajiri akashika kisu, akakata ile miguu yote ya manyoya, pu, pu, ndani ya ndoo, na gari la taka likapita nayo. Akawapanga sungura wake kwenye trei, weupe, wamenyooka. Pembeni akawasha jiko, akachoma vipande vya kuonjesha. Halafu akashika kiuno, akajitazamia kazi yake na kujisifu peke yake.

Wageni wakaja, mkurugenzi mbele, mwanamke mnene mwenye viatu vya mpira na kicheko cha karibu. Nundu alikuwa akiwatembeza. Mtu huyu si mbaya, msimwonee, ila mdomo wake haujawahi kumsubiri. Akafika kwenye trei, akainama, akatazama huku na huku, kisha akatoa sauti nyembamba.

"Nyau!"

Soko zima likaangua kicheko. Mama Masikio naye akacheka, akidhani utani utapita. Haukupita. Mpishi wa shule, mteja wake wa tangu na tangu, alikuwa ameshanyoosha mkono kuchagua. Akaurudisha polepole mfukoni.

"Mama," mkurugenzi akauliza, na sasa hacheki, "mguu uko wapi? Hata mimi nikinunua hutazama mguu kwanza."

"Nimeikata, mheshimiwa. Nilitaka... nyama ipendeze."

"Daktari wa mifugo si amepiga muhuri?" mtu mmoja akajaribu kumtetea.

"Muhuri umepigwa kwenye trei," Nundu akadakia. "Na trei haina masikio."

Wakacheka tena, ila safari hii watu walikuwa wakirudi nyuma. Sahani ya vipande vya kuchoma ikapitishwa, kila mgeni akaisukumia kwa mwenzake. Mama Masikio akaitazama ikirudi kama ilivyokwenda. Miaka yote ya kukata majani, kufagia vibanda, kuitwa muuza panya, inakwenda na maji kwa ajili ya kisu cha alfajiri! Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na trei zake.

Hapo ndipo mama mkwe wake alipotokea na chupa ya chai. Bibi huyu, aliyewazaa Nundu na mume wa Mama Masikio, alijulikana mtaa mzima kwa msimamo wake. Tangu sungura waingie nyumbani alikuwa akiapa kuwa kinywa chake hakitagusa kitu chenye masikio marefu. Siku ikipikwa, yeye hula mboga za majani, kajitenga, kanuna.

"Kuna nini hapa?" akauliza. Akaelezwa. Akamtazama mkwewe aliyekuwa karibu kulia, akaitazama sahani, akaweka chupa chini. Akachukua kipande, akatia mdomoni, akatafuna taratibu mbele ya soko zima.

"Mama, usile hiyo!" Nundu akaruka. "Hatujui ni nini!"

"Wewe ndiye hujui. Mimi naijua, nimeila miaka yote." Akameza. "Nyama iliyokuwa ikipungua sufuriani mlidhani inaliwa na nani? Wajukuu zangu wamesemwa bure, wanisamehe. Naifunua sufuria wakitoka, nakula, nafunika. Ladha ni hiihii, na mkono ni wa huyuhuyu."

Akajifuta midomo kwa pembe ya kanga.

"Haya, Nundu mwanangu, sema sasa. Waambie wageni kwa sauti yako ya mwenyekiti kwamba mama yako mzazi anakula paka."

Ee bwana wee! Nundu alijikuna kisogo. Akatazama juu, akatazama viatu vyake. Mabucha wa ng'ombe walikuwa wakishikana mabega kwa kucheka, na mkurugenzi alikuwa akifuta machozi kwa kanga ya mtu asiyemjua.

"Ni... ni sungura," Nundu akasema.

"Hatujasikia huku nyuma!" mabucha wakapaza sauti.

"Ni sungura! Sungura safi!"

Mkurugenzi akachukua kipande, akala, akachukua kingine. Mpishi wa shule akatoa mkono mfukoni na kutaka trei nzima. Watu wakajipanga mstari hadi mtaroni, hakuna aliyeuliza tena habari ya mguu. Wageni walipomaliza kunong'onezana, Nundu ndiye aliyepanda juu ya kreti kutangaza kwamba chumba cha nyama ndogo kitajengwa hapa, na mwenye chumba ni shemeji yake. Vigelegele vikapasua bati.

Mama Masikio alikuwa akipima nyama huku machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta. 

"Mama," akasema, "Jumapili hii hakuna kufunua sufuria. Unakula mezani, mbele ya watu."

"Mezani, ndiyo," bibi akajibu, akijimiminia chai. "Na paja ni langu, mwanangu. Huyu mwenyekiti mpe shingo."